Ukungu kwenye karavani kuukuu: kuusafisha na kuuzuia ukiwa pwani ya Mtwara

Karavani, yaani kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, ikifungwa Mtwara tangu Desemba hadi Aprili, siku ya kuifungua uvundo ndio unaokupokea mlangoni. Macho yakizoea giza unaona madoa meusi kwenye kona za dari, koga nyeupe kwenye mito ya viti, na plaiwudi ya ukutani imetutumka kama chapati iliyopata moto mzuri. Hapo wengi hukimbilia jiki na brashi. Ushauri wangu ni uache ndoo chini utafute ngazi, maana kazi inaanzia juu ya paa.

Vimbegu vya ukungu vimo hewani kila mahali, ndani na nje, Shangani hadi Masasi, na hakuna dawa itakayovimaliza. Vinachongoja ni maji. Ubao, karatasi au kitambaa kikibaki na unyevu kwa saa 24 hadi 48, vinaanza kuota. Ukisugua doa na kuacha maji yaendelee kuingia, mvua ya pili itakurudishia doa lilelile.

Mama mmoja wa Mikindani anayeuzia chai ndani ya karavani alimuuliza fundi nikiwepo, "Fundi, nimepaka rangi mara mbili, mbona weusi unarudi?" Fundi akabonyeza ukuta kwa dole gumba, maji yakachomoza kwenye tundu la skrubu. "Mama, hapa unapaka rangi juu ya mvua."

Maji yanapitia wapi

Karavani nyingi za zamani zimejengwa kwa fremu ya vipande vyembamba vya mbao. Nje kuna bati la alumini, ndani plaiwudi ya milimita tatu hivi, na katikati pamba ya kioo au povu la kuzuia joto. Bati lenyewe ni nadra kuvuja. Panapovuja ni kwenye maungio: ule ukanda wa alumini unaofunika kona, pale paa linapokutana na ukuta, kuzunguka madirisha, kwenye kitundu cha hewa cha darini, nyuma ya taa ndogo za pembeni, na kila skrubu ilipopita. Gundi ya kuzibia iliyowekwa kiwandani miaka mingi iliyopita imekauka na kupasuka kwa jua letu. Maji yakishapenya hukaa katikati ya bati na plaiwudi, yakateremka kwa kufuata fremu, na kutokea mbali na yalikoingia. Doa lililo chini ya dirisha huenda limeanzia kona ya paa ya upande wa pili.

Ili kupata mvujo, chagua siku kavu. Zima umeme wote, wa betri na wa ukutani. Mmoja aingie ndani na tochi, mwingine abaki nje na mpira wa maji, na maji yatiririke taratibu bila nguvu. Anza chini, kwenye ungio la ukuta na sakafu, ukae hapo dakika kumi hivi, kisha upande: dirisha, taa, kona, mwisho paa. Ukianza juu, maji yatashuka yakipita kwenye kila ungio na hutajua lililo bovu ni lipi. Mashine ya kuoshea magari usiilete kabisa, kwa sababu nguvu yake inapenyeza maji hata kwenye ungio zima, utaziba pasipo na tundu.

Ukimaliza nje, ingia na bisibisi nyembamba. Choma taratibu kwenye kona za sakafu, chini ya madirisha, ndani ya maboksi ya viti, nyuma ya kabati, na pale sakafu inapopinda kufunika gurudumu, maana huko maji ya barabarani hurushwa kwa nguvu. Ubao mzima hukataa ncha. Uliooza huipokea bila kelele, na ukiichomoa inatoka na unga wa kahawia wenye unyevu. Weka alama ya chaki kila unapopata pabovu. Usianze kubomoa kwa hasira, kwanza uone ramani yote.

Chanzo cha pili ni jasho. Ukuta na dirisha vikipoa usiku, hewa yenye mvuke iliyo ndani inavigusa na kuacha matone. Mvuke huo tunauleta wenyewe kwa kupumua, kuanika nguo ndani, na zaidi ya yote kwa kupika. Gesi ya mtungi ikiungua hutoa maji: kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya lita moja na nusu, kwa umbo la mvuke. Mtungi mdogo wa kilo sita ukiisha, umemwaga lita tisa na ushei ndani ya chumba chenye ukubwa wa daladala, na hapo hujahesabu mvuke wa sufuria ya wali. Anayepikia ndani ya karavani madirisha yamefungwa anamwagilia ukungu wake.

Wenzetu wa Newala wanalijua jasho hili kuliko sisi wa pwani, kwa vile usiku wao wa Julai ni wa baridi.

Kuziba

Gundi ya zamani iondolewe yote. Kupaka mpya juu ya iliyopasuka ni kufunika tu, na maji yatapita chini yake. Ikwangue kwa kipande cha plastiki kigumu au cha mti, kwa kuwa kisu hukwaruza alumini. Futa kwa spiriti, acha pakauke. Skrubu zilizoshika kutu zing'olewe, weka zisizoshika kutu. Karibu na bahari skrubu ya chuma cha kawaida ikigusana na alumini penye chumvi na unyevu, tundu linakuwa pana mwaka hadi mwaka mpaka skrubu inazunguka bila kushika.

Chini ya kanda za kona na fremu za madirisha unahitaji ule utepe mlaini unaonata wa raba ya butaili, unaobanwa katikati ya vipande viwili na kubaki laini miaka mingi. Ukiukosa, gundi ya poliurethani wanayotumia mafundi wa kubandika vioo vya magari inafaa kwa maungio ya nje, ila ujue kwamba ukishaiweka, kuibandua baadaye ni kazi ya siku nzima. Silikoni ya bomba, ile ya maduka yote ya vifaa vya ujenzi, siipendi kwenye paa la karavani. Haishiki vizuri kwenye alumini iliyochakaa, rangi haikubali juu yake, na ikianza kubanduka hakuna kitu kingine kitakachonata pale mpaka uikwangue hadi chembe ya mwisho. Kwenye sinki la ndani, sawa.

Baada ya kuziba, rudia kipimo cha mpira wa maji. Usipite hatua hii kwa sababu umechoka.

Siku ya kusafisha

Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilituletea mvua kubwa mwanzoni mwa Mei, watu wengi wakiwa wameshaanza kuanika. Kwa hiyo kazi hii ipange Juni hadi Septemba, kusi likivuma na hewa ikiwa kavu kidogo. Ukisafisha Februari utalowesha mbao ambazo hazitakauka.

Kabla ya yote, pima eneo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema ukungu usiozidi futi 10 za mraba hivi, yaani karibu mita moja ya mraba, mwenye nyumba anaweza kuusafisha mwenyewe. Karavani huvuka kipimo hicho haraka. Ukikuta dari nzima ni nyeusi, usiifanye peke yako wala kwa siku moja. Na mwenye pumu, mjamzito au mtoto wasikaribie mpaka kazi iishe.

Vaa barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, sio ya kitambaa. Vaa glavu za mpira na miwani inayofunika macho pande zote. Fungua madirisha na mlango wote. Feni ukiwa nayo, iweke dirishani ikitoa hewa nje, isipulize ndani, usije ukatawanya vimbegu kila kona.

Toa kila kitu: magodoro, mito, mapazia, zulia, vyombo, droo. Vikae juani, mbali na mlango.

Usifagie ukungu mkavu. Nyunyizia maji yenye sabuni kidogo kwanza ili vumbi lake lisiruke, ndipo ufute kwa tambara, ukilikunja kila mara upate upande safi. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na maji ya kusuuza yabadilishwe yakianza kuwa na rangi ya chai.

Vitu visivyonyonya maji, kama vioo, bati, plastiki, sinki na mbao zilizofunikwa fomaika, vinaridhika na sabuni ya unga na brashi. Wingi wa kazi ni msuguo. Ukungu uliokufa kwa dawa lakini ukabaki ukutani bado unakera mapafu, kwa hiyo lengo ni kuutoa. Ukitaka kumalizia kwa jiki, changanya kikombe kimoja cha mililita 250 kwenye lita nne za maji, paka, subiri dakika kumi, suuza kwa maji mengi. Kwenye alumini tupu mimi siitumii, maana inaila. Na jiki isikutane na siki, wala dawa ya choo yenye asidi, wala kisafishio chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na ndani ya karavani huna pa kukimbilia ila mlango mmoja mwembamba.

Plaiwudi isiyopakwa rangi na fremu ya mbao ni habari nyingine. Jiki kwa sehemu kubwa ni maji: dawa inaishia juu, maji yanazama ndani ya ubao, na wiki moja baadaye umemnywesha adui. Hapo sugua kwa sabuni na maji kidogo sana, futa, kisha paka siki nyeupe bila kuichanganya, uiache saa moja, ufute tena. Harufu yake huisha ndani ya siku moja au mbili. Weusi ukibaki baada ya ubao kukauka kabisa, piga msasa huku barakoa ikiwa usoni, kisha okota vumbi kwa tambara bichi. Alama hafifu inayobaki ndani ya nyuzi za ubao ni doa tu, haina madhara ubao ukiwa mkavu na mgumu.

Neno kuhusu salfa, kwa sababu hapa kwetu lazima mtu ataitaja. Mkulima wa korosho anajua kwamba ubwiriunga nao ni fangasi, na kwamba salfa inausimamisha kwenye maua na majani machanga. Kwa hiyo wapo wanaofikiri kuipulizia ndani ya karavani iliyoota ukungu. Usifanye hivyo. Unga ule unawasha macho na kifua, utalala nao kwenye godoro, na ubao uliolowa utabaki umelowa. Vivyo hivyo viuatilifu vingine vya shambani: vimepimwa kwa mti ulio hewani, si kwa chumba cha kulala.

Kilichooza kikatwe. Plaiwudi inayobonyea, pamba ya kioo iliyolowa, karatasi ya ukutani iliyobanduka, vyote hivyo havisafishiki. Kata hadi upite pabovu kwa sentimita 30 hivi, ufikie ubao unaokataa bisibisi. Funga takataka kwenye mifuko kabla ya kuipitisha mlangoni. Sehemu ya fremu iliyolika iunganishwe na kipande kipya kwa gundi na skrubu, usitegemee kujaza kwa pati. Sakafuni rudisha plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, na kingo zake zilizokatwa zipakwe vanishi kabla ya kufungwa, kwani maji huingilia kwenye kingo kuliko kwenye uso.

Mapazia na foronya fua kwa maji ya moto. Sponji la mito likiwa na madoa juu tu, lisugue na ulianike jua kali pande zote mbili. Likinuka uvundo hata baada ya jua la siku kadhaa, achana nalo. Fundi wa makochi atakukatia jipya.

Kisha subiri. Watu wengi wanaharibu kazi hapa, wanafunga ukuta na kupaka rangi jioni ileile. Bandika kipande cha mfuko wa nailoni safi juu ya ubao kwa selotepu pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa na matone kwa ndani, ubao bado una maji. Rudia mpaka kitoke kikavu, ndipo upake rangi.

Ili ukungu usirudi tena

EPA hao hao wanashauri unyevu wa hewa ya ndani usizidi asilimia 60, na ikiwezekana uwe kati ya 30 na 50. Hewa ya Mtwara wakati wa masika ina unyevu zaidi ya hapo hata nje uwanjani, kwa hiyo bila kiyoyozi hutafika. Kinachowezekana ni hewa itembee na nyuso za ndani zibaki kavu.

Ukiwa na kipima unyevu kidogo cha dukani, vizuri. Usipokuwa nacho, weka chumvi safi ya mezani kwenye kisahani. Chumvi huanza kulowa hewa inapovuka asilimia 75 hivi, kwa hiyo ukikuta punje zimeshikana na kisahani kina maji, fungua madirisha au punguza kupikia ndani. Chumvi ya mawe ya mashamba yetu ya pwani isikudanganye, hulowa mapema zaidi kwa sababu ina madini mengine ndani yake. Na hicho kisahani ni kipimo, hakikaushi chumba. Wanaojaza mabakuli ya chumvi kabatini wakidhani inanyonya unyevu wa karavani nzima wanapoteza chumvi.

Kwa siku zisizo na mvua, fungua madirisha ya pande mbili kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, wakati hewa ni kavu kuliko muda mwingine. Milango ya makabati na vifuniko vya maboksi ya viti viachwe wazi, kwani ukungu hupenda kuanzia palipofungwa. Usiku watu wakilala ndani, kitundu cha darini kibaki wazi kidogo chenye wavu wa mbu. Jiko la gesi lihamie nje, chini ya kibanda. Ikibidi kupikia ndani, dirisha la karibu lifunguliwe na sufuria ifunikwe.

Godoro lisilale moja kwa moja juu ya ubao. Joto la mwili linasukuma mvuke chini, unagota kwenye plaiwudi baridi na kubaki hapo. Weka chaga zenye nafasi katikati, na uinue godoro lisimame ubavu kila unapoondoka kwa siku kadhaa. Hatua hii ni rahisi kuliko zote na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Mahali pa kuegesha ni nusu ya vita. Chini ya mwembe au mkorosho kuna kivuli kizuri, lakini majani huziba mifereji ya paa, utomvu hunata kwenye bati, na paa halikauki baada ya mvua. Afadhali uwanja wazi, na juu yake ujenge banda la mabati au makuti lililoacha nafasi ya kutosha hewa kupita kati yake na paa la karavani. Turubai lililofungwa kwa kamba hadi chini ni balaa: linafungia mvuke ndani na upepo unalisugulisha kwenye bati. Inyanyue karavani kwa jeki na matofali, mbele pawe juu kidogo ili maji yatelemkie nyuma yasituame. Kata nyasi chini yake. Ukiwa Msimbati au popote upepo wa bahari unapofika, osha bati kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya muda, kwani chumvi iliyoganda inavuta unyevu na kula maungio.

Mwishoni mwa Oktoba, shughuli za korosho zikiwa zimepamba moto, panda tena kwenye paa. Pitisha kidole kwenye kila ungio, na penye mpasuko ziba kabla ya mvua. Kazi ya asubuhi moja.

Ikiwa bisibisi inazama kila kona, sakafu inacheza ukitembea na ukuta wa nyuma umeachana na paa, hesabu vizuri kabla ya kununua hata gundi. Plaiwudi, mbao, gundi na siku za fundi vikijumlishwa, vinaweza kuzidi bei ya karavani nzima. Hapo bora uvunje: madirisha, sinki, mlango na bati la alumini vina wanunuzi, na chasisi yenye ekseli nzima inageuka tela la kubebea magunia.